Kumchora farasi wa Wakelti kwenye kidani cha fedha

Wateja wangu hapa Ngamiani, Tanga, wengi huagiza nanga au jina la mtoto. Nikiachiwa uhuru, nachora farasi wa sarafu za Wakelti, watu wa kale wa Ulaya.

Usianze kwa kuiga mchoro wao, utapata vurugu tu. Tafuta kwanza picha ya sarafu ya fedha ya Philip II, mfalme wa Makedonia, aliyetawala 359–336 KK: huku kichwa cha Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, mwenye taji la majani, huku mtu juu ya farasi. Wakelti wa bonde la mto Danube waliiga sarafu hiyo, na kadiri miaka ilivyokwenda wakauvunjavunja mchoro wake.

Mchore farasi kamili kwa penseli, kisha mpunguze. Maungio ya miguu yawe vitone, mifupa iwe mistari, shingo upinde mmoja, singa safu ya vitone. Mpandaji mwachie kichwa na kiwiliwili, miguu tupa. (Wapo watakaosema hujui kuchora. Waache.)

Ukichonga muhuri wa kugongea, geuza mchoro, kushoto kuwe kulia. Vitone vipige kwa msumari ulioviringwa ncha. Fedha ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu, izamishe majini, ndipo ugonge. Ikiwa ngumu itapasuka pembeni.

Sarafu nyingi za Danube zimebonyea kidogo upande wa farasi, kwa hiyo nawe bonyeza kidani vivyo hivyo. Ukisugua, gusa miinuko tu. Weusi uliobaki mashimoni ndio unaoonyesha vitone.