SOMO: Fremu za ukutani na mapambo ya kineoklasiki sebuleni, mwanzo mpaka rangi

Wadau, salaam. Hili swali nimelijibu mara nyingi mpaka vidole vimechoka: "Fundi, nataka sebule iwe kama ya ikulu, zile fremu nyeupe ukutani, naanzaje?" Naliandika mara moja, hapa. Atakayeniuliza tena namtumia kiungo.

Kwanza tuelewane. Fremu hapa si za picha: ni mistatili ya mikanda ya mapambo inayobandikwa ukutani. Neoklasiki si dhahabu kila kona na makochi ya miguu iliyopinda kama ya mbwa aliyekaa. Huo ni mtindo uliotangulia, rokoko, na neoklasiki ilikuja kuupinga. Miji ya Warumi iliyofukiwa na volkano huko Italia ilianza kufukuliwa, Herculaneum 1738, Pompeii 1748, watu wa Ulaya wakaona kuta za Warumi wenyewe na wakaanza kuona aibu kwa yale mapambo yao ya makombe ya pwani na maua. Mwaka 1757 Robert Adam, msanifu wa Uskoti, alikwenda Split, Kroatia ya leo, kwenye magofu ya kasri la Diocletian, mfalme wa Roma, akakaa kama wiki tano na wachoraji wake wanapima. Wiki tano, kazi ni kupima tu. Ndipo akarudi Uingereza akawapambia matajiri nyumba. Mtindo huu umeanza na futi ya kupimia, na hapo ndipo wengi wenu mnapofeli.

Mfano wangu ni ukuta mmoja wa sebule: upana mita 4.20, kimo mita 2.80, nyumba ya tofali za saruji, Dar.

Hatua ya 1. Ukuta uwe mkavu. Bandika kipande cha nailoni, kizibe pande zote nne kwa selotepu, kiache siku nzima. Kikitoa jasho kwa ndani, tafuta maji yanatoka wapi kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2. Piga skimu (plasta nyembamba ya kulainisha ukuta), piga msasa, paka koti moja la rangi ya maji.

Hatua ya 3. Gawa kimo. Mtindo huu unauona ukuta kama nguzo: chini kitako, katikati mwili, juu kichwa. Kwako kitako ni skatingi (ule ukingo wa chini ya ukuta, sakafuni) hadi mkanda wa kiunoni, mwili ni pale fremu zinapokaa, kichwa ni mkanda wa dari. Mkanda wa kiunoni ukae chini kidogo ya theluthi ya kimo. Kwa mita 2.80 mimi huweka ukingo wake wa juu kwenye sentimita 88. Ukiuweka nusu kwa nusu, sebule inageuka korido ya zahanati. Mkanda wa dari, sentimita 10 zinatosha.

Hatua ya 4. Kuchora fremu. Hapa nilishaumia, someni taratibu.

Kanuni ni kwamba nafasi kati ya fremu hazibadiliki, kinachobadilika ni upana wa fremu. Unachagua nafasi, tuseme sentimita 12. Fremu tatu zina nafasi nne, kwa hiyo 4 × 12 = 48. Toa kwenye 420, zinabaki 372. Gawa kwa 3, unapata 124. Kila fremu ni sentimita 124, KIPIMO CHA NJE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kazi yangu ya kwanza nilichukua 124 kama kipimo cha ndani. Mkanda wangu ulikuwa na upana wa sentimita 4, yaani kila fremu ikanenepa kwa 8 ikawa 132. Sikugundua. Nilianzia kona ya kushoto, nikabandika ya kwanza, nikabandika ya pili, nikarudi nyuma kuangalia, safi kabisa. Kufika ya tatu, ukuta umebakiza sentimita 120 na fremu ni 132. Mwenye nyumba amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama. Kubandua, mikanda ikaja na skimu yake, zingine zikakatika vipande vitatu. Mikanda mipya na skimu mpya zilitoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo: tafuta katikati ya ukuta, piga mstari wa wima kwa timazi, fremu ya kati ikae hapo, halafu ndiyo uende pande mbili. Hata ukikosea sentimita moja itagawanyika kulia na kushoto na jicho halitaiona. Usianzie kona. Chora kwanza soketi na swichi zote; mkanda ukipita juu ya soketi umekwisha. Ama soketi iwe ndani ya fremu kabisa, ama nje kabisa. Halafu, kabla ya gundi, bandika tepu ya karatasi kufuata mistari yako na ukae nayo siku mbili. Tepu inabanduka bila lawama.

Na usiamini dari. Dari nyingi zimelala upande. Tumia pima maji.

Hatua ya 5. Kata kona digrii 45 kwa kile kiboksi cha kukatia. Upande mrefu ndio wa nje. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu.

Hatua ya 6. Bandika. Mikanda ya jipsamu ni mizuri ndani ya nyumba kavu. Ile nyepesi ya polistairini, inayofanana na boksi la samaki, ina adui mmoja: gundi ya kubandikia viatu na nyingine zinazonuka petroli. Inaliwa mbele ya macho yako. Tumia ya akriliki.

Hatua ya 7. Ziba mianya, msasa, rangi. Fremu na ukuta rangi moja ndiyo salama: nyeupe ya maziwa, kijivu, buluu iliyofifia. Rangi ya maji isiyong'aa. Ya mafuta itaonyesha kila kibonde.

Hatua ya 8. Vitu viwe jozi: taa mbili, viti viwili, kioo katikati. Miguu ya samani iwe imenyooka na kupungua kuelekea chini.

MASWALI

Mpangaji wa Sinza: Bei gani kwa sebule?

Mwandishi: Sebule ya ukubwa gani, mkuu?

Mpangaji wa Sinza: Ya kawaida.

Mwandishi: Bei ya kawaida.

Mama Wawili: Habari fundi, asante kwa somo. Nimepiga hesabu ya ukuta wako: fremu 124 kwa kama 158 (280 toa 88, toa 10 za mkanda wa dari, toa nafasi mbili za 12), tatu, nimepata karibu mita 17 za mkanda. Mkanda mmoja dukani kwetu ni mita 2.40. Ina maana nanunua 8?

Mwandishi: Dada yangu, wewe ndiye uliyesoma. Mita 17 ni sahihi lakini 8 haitoshi, na hapa wengi wanarudi dukani jioni. Mkanda wa 240 hautoi vipande viwili vya 124, maana 124 mara mbili ni 248. Wala hautoi viwili vya 158. Kwa hiyo kila kipande kinakula mkanda wake: vipande 12, mikanda 12. Sasa ongeza nafasi iwe 16.5. Upana wa fremu unashuka hadi 118, na viwili ni 236, vinaenea. Kimo nacho kinakuwa kama 149. Vipande sita vya upana ni mikanda 3, vya kimo 6, jumla 9. Ongeza mmoja wa makosa. Umeokoa miwili, na macho hayatajua.

Mama Wawili: Mungu akubariki. Nilikuwa natoka sasa hivi kwenda dukani.

Kijana wa Mbagala: Fundi wangu anasema siku zote wanaanzia kushoto, wewe unatuchanganya.

Mwandishi: Mwulize kama mikanda ikiharibika atailipa yeye. Akikubali, aanzie hata juu ya paa.

Mjenzi Mpya: Nataka nguzo nne za mviringo sebuleni. Chumba ni 4 kwa 4.

Mwandishi: Nguzo za zamani zina mitindo, na kila mtindo una kanuni yake: ya Kidoriki kimo chake ni mara 8 ya kipenyo, ya Kiioni 9, ya Kikorintho 10. Dari yako ikiwa mita 2.80, Kidoriki ni kipenyo cha sentimita 35. Nne za hivyo, wageni watakaa wapi? Ukizikondesha hadi 15 zitaonekana mabomba ya maji taka. Weka nguzo bapa mbili za kubandika, kulia na kushoto kwa runinga. Kama upo Nairobi, pita Banda Street uangalie maktaba ya McMillan ya 1931. Nguzo zinapendeza pale kwa sababu zina mahali pa kusimama.

Mjenzi Mpya: Sipo Nairobi. Na meko ya uongo je?

Mwandishi: Kama upo Njombe au Lushoto jenga ya kweli, utaitumia. Dar weka meza nyembamba na kioo.

Mtoto wa Amu: Shikamoo fundi. Nyumba ya bibi yangu ina zidaka (vishubaka vya ukutani) ukuta mzima wa ndani, plasta ya chokaa ya kuchonga. Nikiweka fremu hizi kuta zingine itakuwa vituko?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Wala si vituko, una bahati. Nyumba nyingi za mawe za Amu (Lamu) zenye plasta ya namna hiyo ni za karne ya 18, karne ileile Adam alipokuwa anapima magofu. Wazee wako hawakuhitaji kwenda Split: zidaka zimepangwa sawa kulia na kushoto, safu kwa safu, sahani za kauri na vyombo ndani yake. Ukuta wa zidaka usiuguse kabisa. Kuta zingine weka fremu pana chache, mkanda mwembamba, na mistari yake ya juu na chini ifuate mistari ya zidaka. Ukuta wa chokaa usiuzibe kwa rangi ya mafuta, paka chokaa upumue. Na jipsamu usiilete karibu na unyevu wa pale, tafuta anayejua plasta ya chokaa akuvutie mkanda papo hapo ukutani. Nitumie picha ukimaliza, naomba.

Mpangaji wa Sinza: Ukuta wangu una fangasi, naweza kubandika juu yake?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mama Wawili: Swali la pembeni, vumbi linakaa juu ya mikanda. Mnasafishaje?

Mwandishi: Brashi mpya ya rangi ya inchi 2, kavu, mara moja kwa wiki. Kitambaa chenye maji kwenye jipsamu kinaacha michirizi.

Mjenzi Mpya: Na mimi nimeona brashi ya kunyolea inaingia vizuri kwenye kona.

Mwandishi: Hiyo nimeichukua, mkuu.

Kijana wa Mbagala: Kwa hiyo tunaanzia wapi?

Mwandishi: Katikati.