Siku mbili Riyadh: jinsi ya kuipanga ziara kwa saa za jua na swala

Mgeni wa Riyadh akizoea kutoka hotelini saa nne asubuhi, kutembea mchana na kurudi jioni, atauona mji uliofunga milango na barabara zinazochoma nyayo. Wenyeji hufanya kinyume. Shughuli zao huanza kuchangamka alasiri, na saa tano usiku watoto bado wanacheza bustanini. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa mtindo huo. Saa za Riyadh ni zile zile za Nairobi na Dar es Salaam, kwa hiyo huna haja ya kugusa saa yako.

Hatua ya 1: Mwezi, viza na mzigo

Nenda kati ya Novemba na Februari. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 43, na hata usiku lami na kuta huendelea kutoa joto lililohifadhiwa mchana. Machi hali ya hewa bado ni nzuri, lakini Machi hadi Mei ndio msimu wa tufani za vumbi. Januari beba koti, kwa sababu usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, jambo linalowashtua wengi waliofunga mashati mepesi tu.

Kwa viza, anzia kwenye tovuti rasmi ya viza ya Saudi Arabia na uchague uraia wako kabla hujamlipa wakala yeyote. Mkazi wa nchi za Ghuba, au mwenye viza ya Marekani, Uingereza au Schengen aliyokwisha kuitumia, huwa na njia fupi zaidi. Anayepita tu kwa ndege za Saudia au flynas anaweza kuomba viza ya kusimama njiani, ambayo inampa saa 96, na muda huo unatosha kabisa kwa ratiba hii. Viza ya utalii haitumiki kwa hija.

Pekua begi lako mwenyewe kabla ya kulifunga. Miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria za Saudi Arabia, hata kama kwenu inauzwa sokoni mchana kweupe, na kijiti kimoja kilichosahaulika mfukoni kinaweza kukufikisha mahakamani. Pombe nayo imekatazwa. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zina masharti makali: usizibebe bila cheti cha daktari, na uulize ubalozi wa Saudi Arabia mapema. Usikubali kubeba kifurushi cha mtu mwingine, hata cha jamaa.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege

Uwanja wa King Khalid uko kama kilomita 35 kaskazini mwa katikati ya mji. Kwanza nunua laini ya simu hapo hapo. Utasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Usiiahirishe, maana programu nyingi za huko hutaka namba ya Saudi ndipo zikutumie nambari ya uthibitisho. Riyali 3.75 ni dola moja, na kiwango hicho hakiyumbi, hivyo ukipewa pungufu sana unajua unakatwa.

Kisha panda metro. Ilifunguliwa Desemba 2024, ina njia sita, vituo 85 na kilomita 176, na treni zake hazina dereva. Njia ya Manjano inatoka uwanjani hadi kituo cha KAFD, na hapo unabadili kwenda Njia ya Bluu inayoshuka kusini hadi mji wa kale. Tiketi ya kawaida ni riyali 4 kwa saa mbili, na ya siku tatu ni riyali 20. Zote zinafaa kwa mabasi ya mji pia. Unaweza kununua kwa programu ya Darb, kwenye mashine ya kituoni, au kugusisha kadi ya benki mlangoni, kila abiria na kadi yake. Angalia alama za mabehewa kabla ya kuingia. Kuna la daraja la kwanza, la familia na la wanaume walio peke yao, na kosa la kawaida ni kijana peke yake kukaa behewa la familia. Ijumaa treni huchelewa kuanza.

Ukiagiza gari kwa Uber au Careem, hakikisha alama ya ramani iko upande wako wa barabara. Barabara ya King Fahd ni pana mno kuivuka kwa miguu, na dereva aliyeko ng'ambo huzunguka mbali sana ili akufikie. Magari huko huenda kulia, kwa hiyo aliyezoea barabara za Kenya, Uganda au Tanzania huangalia upande usio sahihi anapovuka. Tazama kushoto kwanza.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, mji wa kale

Toka saa moja na nusu asubuhi, ushuke kituo cha Qasr Al-Hukm. Hatua chache kutoka hapo ni ngome ya Masmak, iliyojengwa kwa udongo, ambako Januari 1902 Abdulaziz Al Saud aliuteka mji na kuanza safari iliyozaa ufalme wa leo. Kwenye mlango utaona ncha ya mkuki iliyobaki tangu pambano lile. Pita soko la Souq Al-Zal, ambako udi, mazulia na majoho hupangwa barazani, halafu panda Njia ya Bluu kuelekea kaskazini hadi Makumbusho ya Taifa. Hapo kuna kivuli na kiyoyozi, na saa za jua kali zinapita salama. Kagua saa za kufunguliwa jana yake. Ijumaa asubuhi usipange lolote, kwani sehemu nyingi hufungua baada ya swala ya Ijumaa, na nyingine alasiri.

Kunywa maji bila kungoja kiu: lita tatu au nne kwa siku ya kutembea. Aliyelelewa na joto la Mombasa hudanganyika hapa. Kule jasho linatiririka na unajua umepoteza maji. Riyadh, mita 600 juu ya usawa wa bahari na mbali na pwani, hewa ni kavu hivi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, umeshachelewa. Beba pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini, na mafuta ya midomo.

Hatua ya 4: Jioni, kwa kufuata adhana

Tangu 2021 maduka hayalazimiki kufunga wakati wa swala, lakini mengi bado hufunga kwa nusu saa hivi. Isha huadhiniwa dakika 90 baada ya maghribi, na katika Ramadhani dakika 120. Kwa hiyo ingia mgahawani mara baada ya maghribi, au ngoja isha ipite ndipo uende dukani.

Jioni ya pili iwe ya Diriyah. Metro kwa sasa haifiki, panda gari. Mtaa wa At-Turaif, makao ya dola ya kwanza ya Saudia yaliyobomolewa na jeshi la Ibrahim Pasha mwaka 1818, umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2010. Nunua tiketi mtandaoni, ufike dakika 60 kabla ya jua kuzama, kuta za udongo zikiwa bado na rangi ya asali. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Abaya si lazima kwa mwanamke mgeni. Usipige picha ya mtu bila idhini, wala ya jengo la serikali. Agiza jarish, ngano iliyopondwa na kupikwa ikalainika, na kahawa ya iliki na tende. Ukitosheka tikisa kikombe, la sivyo utaendelea kumiminiwa.

Hatua ya 5: Nje ya mji, ukiwa na siku ya ziada

Jebel Fihrayn, magenge yanayoitwa Ukingo wa Dunia, yako kama kilomita 90 kaskazini magharibi. Njia ni ya mawe yanayochana matairi, mtandao wa simu hukatika, na hakuna uzio ukingoni. Nenda na magari mawili yenye nguvu ya magurudumu manne, tairi la akiba na maji ya kutosha siku nzima, na uanze kurudi kabla ya giza. Mvua ikinyesha siku hiyo au jana yake, ahirisha, kwa kuwa mabonde hujaa ghafla. Ukikosa gari la pili, nenda Wadi Hanifah, bonde lililosafishwa hadi likapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2010. Fika alasiri, na upatane na dereva akusubiri.