SOMO: Mapambo ya Krismasi ya unga wa chumvi, yasiyotepeta kwa hewa ya Mombasa

Shule zikishafungwa tu, swali ni lile lile: "Mama Neema, mbona mapambo yetu ya unga yametepeta?" Nimelijibu kanisani, nimelijibu kwenye kundi la wazazi, nimelijibu ndani ya feri ya Likoni nikiwa na kuku mkononi. Sasa naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakuelekeza hapa.

Kazi hii inawafaa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Hawa wadogo zaidi wakande tu na kugandamiza, wakubwa ndio wakate. Vifaa vyote viko jikoni isipokuwa vanishi, na hiyo vanishi ndiyo watu huiruka halafu wakaja kwangu kulia.

1. Unga wa ngano wa kawaida vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji kikombe kimoja au pungufu kidogo. Kikombe ni kile kile kwa vyote. Unga usiwe ule uliokwisha kutiwa hamira ya unga, maana utaumuka na nyota yako itageuka andazi. Kama una mizani, pima unga na chumvi karibu uzito sawa: chumvi ni nzito, kikombe chake kimoja hukaribia vikombe viwili vya unga.

2. Changanya vikavu kwanza, kisha tia maji kidogo kidogo. Kanda dakika kumi hivi, mpaka donge lisigande vidoleni. Kabla ya hapo kagua vidole vya watoto. Mwenye mchubuko au kucha iliyong'oka mumfunge plasta au mumpe kazi nyingine. Chumvi ikimwingia kwenye kidonda, kilio chake kitawafikia majirani na shughuli imekwisha.

3. Sukuma liwe nene kama hamri kabla ya kuingia kwenye mafuta, yaani nusu sentimita. Likizidi hapo halikauki ndani, likipungua linavunjika.

4. Kata kwa kifuniko cha chupa, kikombe cha kahawa, chochote. Nyota akate mtu mzima kwa kisu.

5. Toboa tundu la uzi SASA, kwa kifuniko cha kalamu ya wino. Donge likishakauka huwezi tena.

6. Chora. Gandamiza jani la mwarobaini, mishipa yote inatokea. Vile vikoko vidogo vya mvinje ukivizungusha juu ya donge vinaacha vijitundu vilivyojipanga safu safu, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuifanya peke yake. Kombe na simbi za baharini waacheni baharini. Ndani ya hifadhi ya bahari kuokota ni kosa, na hata nje yake kaa wanazihitaji kuliko mti wako.

7. KUKAUSHA. Hapa tukae kidogo.

Mapishi mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu, au nyumba zenye hita. Watakwambia "acha mezani siku mbili". Mezani kwako Mtongwe, siku mbili? Utakuta juu pamefanya ngozi, ndani mna uji. Unapaka rangi ukidhani tayari, unatundika, na kufika tarehe 24 pambo limerefuka kama sikio la mbuzi na uzi umelikata tundu.

Mwenye oveni: moto wa chini kabisa, nyuzi 100 hivi, saa mbili hadi tatu, ukigeuza katikati. Ukizidisha moto upate kumaliza haraka yanavimba, yanapasuka, na yanakuwa kahawia.

Mwenye jiko la makaa: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, funika, makaa machache chini na mengine machache juu ya kifuniko kama unavyopalia keki. Makaa yawe yanaelekea kuzima. Jiko liwe nje au mahali penye hewa, na watoto wakae mbali. Kazi yao iliisha namba 6.

Asiye na vyote: jua. Tandaza kwenye ungo au bati, geuza kila baada ya saa mbili tatu la sivyo kingo zinakunjika, na ingiza ndani kabla ya magharibi. Usiache umande wa usiku uyaguse, maana yatanywa yote yaliyotoa mchana. Mvua za vuli huwa hazijaisha vizuri mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo hesabu siku nne au tano, wala si mbili. Na funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Kunguru wa mji huu mnawajua.

Kupima: liweke shavuni. Likiwa la baridi, bado lina maji. Kisha ligonge kwa ukucha: lililokauka linalia kama kigae, bichi halitoi sauti.

8. Rangi. Rangi za maji za shule zinatosha. Ziache zikauke mpaka kesho yake.

9. VANISHI. Mipako miwili, mbele, nyuma, kingoni, na NDANI YA TUNDU. Tundu ndilo mlango wa unyevu, na kila mtu hulisahau. Mpako wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Ukipaka vanishi juu ya pambo ambalo halijakauka umefungia maji ndani, na hapo hakuna dawa. Afanye mtu mzima, nje ya nyumba. Mkebe mdogo kabisa kutoka duka la hadweya unatosha mapambo ya mtaa mzima, basi changeni.

10. Tia uzi, tundika.

Onyo ambalo si la mzaha: donge hili lina chumvi nyingi mno. Mtoto mdogo akila kipande kikubwa, au mbwa akila, ni sumu. Kuonja kidogo kutamfanya ateme tu, lakini usimwache wa mwaka mmoja na bakuli. Mapambo yatundikwe juu ya kimo cha mbwa, na wenye mbuzi wafikirie mara mbili.

MASWALI

Pwani Tamu: Asante mwalimu. Chumvi ni kiasi gani?

Mama Neema: Namba 1.

Baba Pacha: Mimi nilifuata kila kitu mwaka jana na bado yalilainika. Labda hii njia haifai tu kwa Mombasa.

Mama Neema: Ulipaka vanishi gani?

Baba Pacha: Nilipaka gundi nyeupe ya mbao, inang'aa pia.

Mama Neema: Basi hukufuata kila kitu, baba. Gundi nyeupe inalainika ikikutana na unyevu, ndiyo sababu hata meza iliyogundishwa nayo haipendi maji. Njia inafaa. Mapambo yangu yametundikwa sebuleni sasa hivi, na sebule yangu haina feni.

Baba Pacha: Sawa, usikasirike.

Mama Neema: Sijakasirika. Nunua vanishi.

Mja wa Kisauni: Mwalimu, dada yangu yuko Nairobi, hapaki kitu chochote na yake yana miaka kadhaa ni magumu kama jiwe. Unga ni ule ule, chumvi ni ile ile. Kwa nini?

Mama Neema: Swali zuri hili. Chumvi huvuta maji yaliyo hewani. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi inakaa kavu. Ukipita hapo inaanza kuyeyuka yenyewe, hata bila kumwagiwa tone. Mombasa asubuhi nyingi tunapita hapo, Nairobi mchana hawafiki. Ndiyo maana kichupa chako cha chumvi mezani hakimwagi mpaka utie punje za mchele, na cha dada yako kinamwaga. Pambo ni karibu nusu chumvi kwa uzito, kwa hiyo linafanya vile vile. Vanishi haiondoi maji, inafunga mlango tu. Na ajabu yenyewe, chumvi nyingi tunayokula inavunwa hapo Gongoni na Marereni, maji ya bahari yanaanikwa juani yakauke. Jua lile lile, ila huko wana uwanja mpana na subira.

Mja wa Kisauni: Lo! Kumbe. Na lile la shavu, kwa nini liwe la baridi?

Mama Neema: Maji yakiwa yanatoka kwenye kitu huondoka na joto lake. Ni kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kuvuja jasho. Likishaisha maji, halina cha kupoza, linakuwa na joto la chumba. Umeuliza vizuri, mwanangu.

Shoga wa Majengo: Hodi wenyewe. Sisi ni Waislamu lakini wanangu wamefanya haya kwa jirani na sasa hawaniachi. Naweza kukata mwezi na nyota niweke kwa Idi?

Mama Neema: Karibu shoga, tena sana. Mwezi mwandamo ncha zake huvunjika, kwa hiyo ziache butu, zisiwe kali. Halafu angalia Idi imeangukia wapi, maana kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Ikiangukia masika usitegemee jua kabisa, tumia oveni au makaa. Wangu walikata kanzu na kofia mwaka mmoja kwa ajili ya jirani, kofia zikatoka kama vikombe, lakini alizitundika.

Shoga wa Majengo: Hahaa, Mungu akuweke. Nataka liwe la manjano bila kununua rangi. Bizari itafaa?

Mama Neema: Itafaa, kijiko kimoja cha manjano ya unga wakati wa kuchanganya vikavu. Ila hufifia juani, kwa hiyo hilo likaushe kwa moto au kivulini penye upepo, na usilitundike dirishani. Nguo za watoto ziwe za kushindia, doa lake halitoki. Kahawa ya unga nayo inatoa hudhurungi nzuri, na harufu.

Fundi Rangi: Mwalimu, nyongeza kidogo. Mtu akitumia rangi za maji za shule halafu vanishi ya maji, brashi itaburuta rangi. Achukue vanishi ya mafuta, au apake ya maji kwa kudonoa donoa, asisugue.

Mama Neema: Kweli kabisa fundi, hilo nililiruka. Wote msome hapo juu. Na ndiyo maana mimi siku hizi napenda kutia rangi ya chakula ndani ya donge lenyewe, hakuna cha kuburutwa.

Mgeni wa Nyali: Naweza kutumia maikrowevu?

Mama Neema: Yatavimba.

Mgeni wa Nyali: Kwa dakika moja moja?

Mama Neema: Yatavimba kwa dakika moja moja.

Pwani Tamu: Mimi nina chumvi ya mawe tu.

Mama Neema: Itwange kwenye kinu mpaka iwe unga. Vinginevyo donge linakwaruza na halishikani.

Mwana wa Bamburi: Mti mnatumia gani? Ile ya plastiki imepanda bei.

Mama Neema: Sisi ni tawi la mvinje tangu zamani, ndani ya debe la mchanga na mawe, debe limezungushiwa leso. Omba kwa mtu mwenye mti shambani. Msikate ya ufukweni, ile inashikilia mchanga.

Mwana wa Bamburi: Nakubali. Sisi huku tunaiheshimu mivinje. Haller Park, ile bustani ya hapa Bamburi, yote ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jiwe tupu, na mivinje ndiyo iliyoweza kuota humo mwanzoni mwa miaka ya 1970, mingine ikafuata.

Mama Neema: Ndiyo huo. Sasa jambo moja kuhusu tawi la mvinje: ni jembamba, linainama. Kata mapambo madogo, ukubwa wa kifuniko cha mtungi wa asali, yasizidi. Tena madogo yanakauka haraka. Makubwa, kama ile alama ya kiganja cha mtoto ambayo kila mama anaitaka, yatundike ukutani kwenye msumari.

Mama wa Tudor: Ya kwangu yameshatepeta na nilishayapaka rangi bila vanishi. Nitupe?

Mama Neema: Usitupe. Kama hujapaka vanishi yanaokoka. Toa uzi, rudisha kwenye moto wa chini saa moja, yakipoa ligonge moja usikie, kisha paka vanishi siku hiyo hiyo. Usilaze hata usiku mmoja. Rangi inaweza kufifia kidogo, utaigusia.

Mama wa Tudor: Na baada ya Krismasi nayaweka wapi?

Mama Neema: Mkebe wa biskuti unaofunga sawasawa, kila moja ndani ya karatasi. Vile vifuko vidogo vya chembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya tia kimoja, lakini kiwe kipya. Kilichokaa wazi kabatini mwaka mzima kimeshashiba unyevu, hakisaidii kitu. Na watoto wasikifungue.

Mgeni wa Nyali: Nimejaribu moja kwenye maikrowevu.

Mama Neema: Na?

Mgeni wa Nyali: Limevimba.