Wa nesi mnaoenda kushinda na ambulensi, beba plasta
Wanafunzi wa nesi hapa Moshi mkipangiwa siku ya kushinda na timu ya ambulensi, karatasi achaneni nayo. Bandika plasta ndefu kwenye paja la suruali, kila ukipima presha, mapigo, oksijeni unaandika hapo na saa yake, maana mkifika emajensi ya hospitali ya KCMC daktari anauliza vyote kwa mpigo. Alafu kupima presha kwa stetoskopu gari likiwa linakimbia barabara ya Arusha husikii kitu, king'ora na injini vyote vinapiga kelele, we shika mapigo ya mkononi, jaza upepo kafu (ule mkanda wa presha wa kwenye mkono) mpaka yapotee, achia taratibu, yakirudi tu hapo ndo namba ya juu ya presha, ya chini huipati kwa njia hii, andika hiyo ya juu tu. Na mkanda wa kiti ufunge jamani, hata huko nyuma!