Kompyuta ya zamani au mashine kubwa ya gemu? Pima kwanza, bahasha baadaye

Mdogo wangu anayekaa Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, alinijia mwezi wa saba na bahasha mkononi. "Yaya, minataka kuuza PC ya gemu." Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma nieleze mapema asije akachanganyikiwa: kwetu Lubumbashi kuuza ni kununua. Mwenye duka ndiye anayeuzisha.

Ndani ya bahasha mlikuwa na dola 1,800, noti zimenyooka kama zimepigwa pasi, maana hapa noti ya dola ikichanika kidogo tu pembeni kila mtu anaikataa. Kwenye simu alikuwa na picha ya kasha la kioo linalowaka taa za rangi zote. Mashine aliyotaka kuitupa ni Dell OptiPlex 9020, ile ndefu, prosesa i5-4590, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Anahariri video za harusi kwa ajili ya chakula, na usiku anacheza mpira na wenzake kwa ajili ya roho.

Nilimwambia arudishe bahasha mfukoni kwa wiki mbili. Hizi ndizo hatua tulizopita. Kufungua kasha, kuweka Windows, kuhamisha mafaili sielezi. Kama hayo bado yanakutisha, mtafute fundi wa mtaani kwako umlipe.

Hatua ya 1: Taja kinachokuuma

"Iko nzito" si jibu. Nilimkalisha aandike kwenye karatasi. Akaandika matatu: inachukua dakika nne kuwaka, video za simu za 4K zinakwama wakati wa kuhariri, gemu inarukaruka. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na mashine mpya ni dawa ya gharama kubwa kwa ugonjwa usioujua.

Hatua ya 2: Mtazame mgonjwa akiwa kazini

Fungua kazi inayokusumbua, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc uangalie safu nne: prosesa, kumbukumbu, diski, kadi ya picha. Ile inayokaa kwenye 100% wakati nyingine zinapumzika ndiyo inayokaba koo. Kwake diski ilikuwa 100% na prosesa 15%. RAM ilikuwa imejaa, kwa hiyo Windows ilikuwa inaazima nafasi kwenye diski ileile iliyokwisha kuchoka.

Angalia pia joto, kwa programu ya HWiNFO, ni ya bure. Prosesa yake ilikuwa inagusa nyuzi 96. Tulipofungua kasha, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi jekundu. Wanaojua Lubumbashi ya kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi mvua za kwanza, wanajua ninachosema. Pampu ya baiskeli na brashi ya rangi vilitosha. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Tukapaka pasti mpya ya joto juu ya prosesa, nyuzi zikashuka hadi 70.

Hatua ya 3: Dawa za bei ndogo

SSD ya SATA, na RAM hadi GB 16. Kwa 9020 RAM ni ya aina ya DDR3, na DDR4 haiingii hata ukiisukuma, kwa hiyo usikubali kuuziwa "zote ni sawa". Usinunue pia ile SSD nyembamba ya NVMe, mashine hii haina pa kuichomeka. Diski ya kuzunguka inasoma kama MB 150 kwa sekunde siku yake nzuri, SSD ya SATA inafika 550, lakini tofauti unayoihisi hasa ni kwenye mafaili madogomadogo, ambako diski ya kuzunguka hutambaa. Kuwaka kukashuka hadi sekunde ishirini na kitu. Akacheka. Bahasha bado nene.

Video zilibaki zinakwama, na sababu yake watu wengi hawaijui. Simu nyingi za leo hurekodi kwa HEVC, mfumo wa kubana video, na prosesa za Intel za kizazi cha 4 hazina sehemu maalumu ya kufungua HEVC. Zinafungua kwa nguvu za misuli tu. Dawa ya bure ni kuiambia programu ya kuhariri itengeneze nakala nyepesi za video, uhariri hizo, mwishoni irudi kwenye zile asili. Dawa ya pesa kidogo ni kadi ya GTX 1650, ambayo HEVC inaifungua yenyewe. Chagua ile isiyo na tundu la waya wa ziada: inakula wati 75 tu, zote kutoka kwenye ubao mama, na pawa saplai ya 9020 ndefu ni ya wati 290. Kama kasha lako ni lile jembamba, tafuta kadi fupi, ile ya kawaida haitafunga.

Hatua ya 4: Windows

Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, kichipu cha usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi cha 4 kimeachwa nje. Kuna njia za kuingilia dirishani na nimezitumia, ila gemu kama Valorant huangalia TPM ukiwa kwenye Windows 11, hazikuingizi. Kwa mashine ya shule ya watoto mimi naweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na sijutii.

Hatua ya 5: Umeme (hapa usiruke hata mstari)

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Mimi ilinila Jumamosi mbili nzima na uso wangu mbele ya mteja.

Mteja huyo, naye wa Katuba, alikuwa amenunua mashine nzuri tu: i5-12400F, RTX 3060 ya GB 12, pawa saplai ya wati 650. Akalalamika kwamba gemu ikianza kupamba moto, mashine inazimika pu, bila onyo. Aliileta kwangu mjini asubuhi. Nikacheza saa tatu, haikuzimika. Akairudisha nyumbani, jioni ikazimika. Nikabadilisha RAM. Ikazimika. Nikaweka Windows upya, mara mbili. Nikabadilisha pasti. Nikamwomba pawa saplai ya rafiki yake tukaijaribu, ikazimika vilevile. Kila ikirudi kwangu asubuhi, inafanya kazi kama saa ya ukutani. Nilianza kumshuku mteja, Mungu anisamehe.

Jumamosi ya pili nilikubali kumfuata nyumbani, nikafika kama saa moja jioni. Nikachomeka multimita kwenye soketi: volti 168. Nyumba zote za barabara ile zilikuwa zimewasha resho, majiko ya umeme, kupika bukari, ndio ugali wetu. Kwenye meza palikuwa na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, sisi tunaita onduleri, imeandikwa 650 VA kwa herufi kubwa, na kwa herufi za kutafutia miwani: wati 390.

Sasa unganisha mwenyewe. Volti zikishuka karibu na 160, onduleri ile inaona umeme umekufa, inahamia kwenye betri. Wakati huohuo gemu imeamsha kadi: RTX 3060 inakula hadi wati 170, prosesa ile inaweza kupanda hadi 117, ongeza feni, diski, ubao, na skrini iliyochomekwa kwenye onduleri ileile. Umeshagusa dari ya wati 390, na kadi za kisasa huruka juu ya kiwango chake kwa kufumba na kufumbua. Tena onduleri za bei ndogo zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi laini kama la waya wa SNEL, shirika letu la umeme. Hutoa ngazi ngazi. Pawa saplai nzuri za siku hizi, zenye PFC hai (saketi inayosawazisha jinsi zinavyovuta umeme), nyingine hazizipendi ngazi hizo, zinajifunga zenyewe. Yaani pawa saplai ilikuwa nzima, ilikuwa inajilinda. Nami asubuhi, mjini, kwenye volti 220, nilikuwa natafuta ugonjwa unaokuja saa moja jioni Katuba.

Kwa hiyo, kabla ya dola moja kutoka:

Pima volti za soketi utakayoitumia, siku tatu, asubuhi na saa ya resho. Multimita ya bei rahisi inatosha. Kama hujawahi kushika multimita, mwite fundi umeme. Usijifunzie kwenye soketi.

Soma wati za onduleri, usisome VA. Mimi nataka wati za onduleri ziwe mara moja na nusu ya zile mashine itakazokula, na wimbi safi la sine. Ni ghali, najua. Kata kwenye kadi ya picha, usikate hapa.

Stabilaiza inakaa kabla ya onduleri, kamwe si baada yake. Pima uzito kwa mkono: yenye koili ya kweli ni nzito. Nyepesi kama kopo tupu la maziwa, iache dukani.

Angalia nyuma ya pawa saplai kama kuna kile kiswichi chekundu cha 115/230. Kikiwa kwenye 115 ukichomeka kwetu, utasikia mlio na harufu, basi. Zile nzuri hazina kiswichi, zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe.

Umeme ukikatika kwa delestaji, yaani mgao, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano. Ule umeme wa kwanza unaorudi ndio unaoua vitu.

Ukigusa kasha ukahisi vijidudu vinakutembea vidoleni, nyumba haina waya wa udongo, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Usicheke nalo.

Na kwa wanaosema "nina sola": betri ya gari ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200 kwenye karatasi, na ya risasi usiimalize zaidi ya nusu ukitaka iishi. Zimebaki 600. Mashine na skrini vikila wati 450, una saa moja na dakika ishirini, kabla inveta haijachukua chake. Hata dakika tisini za mpira hazitimii, za nyongeza usiziote.

Kutokana na haya nina ushauri ambao mafundi wenzangu wananigombeza: kama mtaa wako una delestaji kila siku, nunua kompyuta ya mapajani ya gemu. Kuitengeneza siipendi, joto lake silipendi, na kwenye betri gemu hupungua kasi. Lakini umeme ukikatika, harusi ya mtu haipotei.

Hatua ya 6: Skrini

Skrini ya 1080p ya herzi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, hata ukiweka kadi gani. RTX 5090 ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999 huko Marekani, kadi peke yake, na inakula hadi wati 575. Kuiunganisha na skrini kama ya mdogo wangu ni kuwasha tanuru la kuyeyushia shaba ili upike bukari. Na wenzake wakisema anachelewa kwenye mchezo, huo ni mtandao. Kadi haipunguzi urefu wa waya kutoka hapa hadi kwenye seva.

Hatua ya 7: Ukiamua kununua kweli

Nunua ikiwa umepita hatua ya 3 na bado prosesa inakaa kwenye 100% kwa kazi inayokuletea pesa, na hatua ya 5 umeijibu kwa namba. Mojawapo likikosekana, subiri.

Mkononi uende na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma kadi ya picha ni ipi hasa. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa programu ya ndani zikavishwa jina kubwa. GTX 1050 Ti za bandia zilizojengwa juu ya GTS 450 zilienea duniani kote. GPU-Z inaziandikia neno la kuzikana mbele ya jina. Muuzaji akikataa uwashe mashine mbele yake, mwage kwa heshima: "asante papa, nitarudi". Usirudi. Na zile picha za simu zenye "inatoka Dubai wiki ijayo, toa nusu", hapana.

Kasha lenye taa silipendi, ila hilo ni la uzee wangu.

Mdogo wangu alinunua SSD, RAM, GTX 1650, na onduleri ya wati 900 yenye wimbi safi, ambayo ilimgharimu kuliko vingine vyote pamoja. Bahasha ilibaki na zaidi ya nusu. Bado anaitamani ile ya kioo, ananitumia picha zake karibu kila wiki, na huenda mwakani tutainunua. Nimemjibu kwamba jioni ile nilipofunga onduleri nilipima soketi yake pia: volti 174, na waya wa udongo hakuna. Jumamosi fundi umeme anakuja na fimbo ya shaba. Picha aendelee kutuma.