Riba ya akiba nchini Uingereza: namna ya kuiripoti na kuilipia kodi ukiwa kwenye kiwango cha asilimia 40

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa jioni mbili na muuguzi mwandamizi, mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi Uingereza, tukiandaa ritani yake ya mwaka wa kodi 2024/25. Makosa aliyokuwa ameyafanya niliwahi kuyafanya mimi mwenyewe, na moja kati yake, la amana ya muda maalumu, lilituchukulia muda mrefu kuliko mengine yote kwa pamoja.

Hatua ya 1: Fahamu kiasi chako kisichotozwa kodi

Tangu tarehe 6 Aprili 2016 benki za Uingereza hazikati kodi kwenye riba ya akiba kabla ya kukulipa. Mlipakodi wa kiwango cha msingi hatozwi kodi kwa pauni 1,000 za kwanza za riba, wa kiwango cha juu (kile cha asilimia 40) kwa pauni 500, na yule ambaye mapato yake yanazidi pauni 125,140 hana nafuu hiyo kabisa. Kiwango cha juu huanzia pale mapato yanapovuka pauni 50,270, na riba yenyewe huhesabiwa ndani ya mapato hayo, jambo ambalo wengi hulisahau. Mwenye mshahara wa pauni 50,000 na riba ya pauni 600 amekwisha kuvuka mpaka, hivyo anabaki na nafuu ya pauni 500, na pauni 100 zilizosalia zinatozwa asilimia 40, yaani pauni 40. Aliyeko Scotland naye atumie mipaka hii hii, kwa kuwa viwango vya Scotland havigusi riba ya akiba.

Hatua ya 2: Kusanya hati za riba

Omba hati ya riba ya mwaka kutoka kila benki, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 5 Aprili inayofuata. Mimi siamini muhtasari unaoonekana kwenye programu ya simu, kwa sababu baadhi yake hufuata mwaka wa kalenda. Akaunti ya pamoja ya mke na mume hugawanywa nusu kwa nusu. Riba ya ISA (akaunti maalumu ya akiba isiyotozwa kodi) na zawadi za Premium Bonds (hati za akiba za serikali zinazotoa zawadi za bahati nasibu badala ya riba) hazitozwi kodi, wala haziandikwi kwenye ritani.

Hatua ya 3: Amana ya muda maalumu ni ya mwaka upi?

Muuguzi huyo aliweka pauni 30,000 mwezi Oktoba 2022 kwa miaka miwili, kwa riba ya asilimia 4.5. Benki iliongeza riba ya pauni 1,350 mwaka wa kwanza na pauni 1,410.75 mwaka wa pili, lakini masharti hayakumruhusu kugusa hata senti moja kabla ya Oktoba 2024. Yeye aliigawa riba hiyo kwenye miaka miwili ya kodi, akijihesabia nafuu ya pauni 500 kila mwaka. Hesabu yake ilionekana ya haki, lakini haikuwa sahihi.

Kanuni ni kwamba riba ni mapato ya mwaka ambao imelipwa kwako au imewekwa mahali unapoweza kuichukua. Kwa kuwa hakuweza kuichukua hadi amana ilipoiva, riba yote ya pauni 2,760.75 iliangukia mwaka 2024/25. Tulipojumlisha pauni 412 za akaunti yake ya kawaida tulipata pauni 3,172, senti zikiachwa. Tukatoa 500, zikabaki 2,672, na kodi yake kwa asilimia 40 ikawa pauni 1,068.80.

Jihadhari, kwa sababu matokeo hubadilika kufuatana na masharti ya akaunti. Ikiwa riba hulipwa kila mwezi au kila mwaka kwenye akaunti nyingine unayoweza kuitumia, itozwe kodi mwaka huo huo. Ikiwa unaruhusiwa kutoa riba mapema, hata kwa kukatwa faini, huwezi kudai kwamba ilikuwa imefungwa. Soma masharti yenyewe, wala usitegemee jina la akaunti, kisha uiulize benki kwa maandishi ni mwaka upi imeiripoti riba hiyo kwa HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, kwani taarifa ya benki ikitofautiana na yako utahitaji barua ya kujieleza. Kwa maoni yangu, mwenye kipato hiki achague amana inayolipa riba kila mwaka mkononi, na kabla ya hapo ajaze kwanza ISA yake.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kuripoti

Riba na gawio vikifikia pauni 10,000, lazima ujisajili kwenye Self Assessment, yaani mfumo wa kujaza ritani mwenyewe, kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha. Chini ya hapo, kwa mwajiriwa, HMRC hutumia taarifa za benki kubadilisha msimbo wako wa kodi (unaomwonyesha mwajiri kiasi cha kodi cha kukata), na deni likakatwa kwenye mshahara. Makadirio hayo hufuata riba ya mwaka uliopita, kwa hiyo yakague mtandaoni na uyasahihishe. Usipopata taarifa yoyote kutoka kwao, waarifu wewe.

Hatua ya 5: Jaza ritani

Riba ya Uingereza isiyokatwa kodi ina kisanduku chake. Mwenye akaunti nyumbani asiiache nje: benki za Kenya hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 na za Tanzania asilimia 10, lakini mkazi wa Uingereza bado huiripoti riba hiyo nzima, kabla ya makato, kwenye kurasa za mapato ya nje, na hapo ndipo anapodai kupunguziwa kwa kodi aliyokwisha kulipa.

Hatua ya 6: Lipa

Ritani ya mtandaoni na malipo vyote vina mwisho wa tarehe 31 Januari. Ukiwasilisha kufikia tarehe 30 Desemba na deni likiwa chini ya pauni 3,000, unaweza kuomba likatwe kwenye mshahara; mimi napendelea kulipa kwa mkupuo, ili msimbo wangu usichanganywe na madeni ya zamani. Unapolipa kwa benki, andika kumbukumbu ya malipo ambayo ni tarakimu zako 10 za mlipakodi zikifuatwa na herufi K, bila nafasi katikati.