Maandishi ya tovuti yako yakinakiliwa: hatua za kisheria kwa mwenye tovuti wa Lubumbashi

Watu wengi wakigundua kwamba kurasa zao zimenakiliwa humpigia mhusika simu siku hiyohiyo na kumgombeza. Mhusika hufuta ukurasa jioni, hubadilisha maneno machache, huurudisha baada ya wiki, na mwenye haki anabaki hana cha kuonyesha mbele ya yeyote. Mimi hutunza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Lubumbashi, na utaratibu ufuatao ndio ninaowapa wateja wangu, kwa mpangilio huuhuu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kilichochukuliwa ni chako na kinalindwa

Nchini Kongo haki za waandishi zinalindwa na Amri yenye nguvu ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Nchi yetu pia ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa haki za waandishi, ambao haumlazimishi mwandishi kujiandikisha popote ili alindwe. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila karatasi ya SOCODA, shirika la Kongo linalosimamia haki za waandishi, huna kesi. Hata hivyo, kinacholindwa ni namna ulivyoandika, wala si jambo lenyewe. Orodha ya karatasi zinazotakiwa ili kutoa gari forodhani Kasumbalesa si mali ya mtu, lakini aya ulizotunga kueleza jinsi ya kuzipata ni zako, na aliyezigeuza kutoka Kifaransa hadi Kiswahili bila ruhusa amekiuka haki yako vilevile, kwa kuwa ruhusa ya kutafsiri hutoka kwa mwandishi.

Ikiwa maandishi hayo uliandikiwa na mtu mwingine kwa malipo, soma mkataba wenu kabla ya kuendelea, kwa sababu kulipa peke yake hakutoshi kila mara kukufanya mwenye haki.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla mhusika hajajua

Piga picha ya skrini ya ukurasa mzima, anwani yake na tarehe zikionekana, kisha uhifadhi ukurasa wenyewe kama faili. Baada ya hapo, ingiza anwani hiyo katika Wayback Machine, ghala la kurasa linaloendeshwa na Internet Archive ya Marekani, ili nakala yenye tarehe ibaki mikononi mwa mtu wa tatu asiye na upande. Fanya hivyo pia kwa ukurasa wako, na utunze rasimu zako za awali na faili asilia za picha.

Tafuta vilevile alama ambazo mnakili husahau kuzifuta. Mteja wangu mmoja, wakala wa forodha, alikuta ukurasa wake umehamishwa wote, na namba yake ya simu ingali chini kabisa ya maandishi. Isitoshe, picha za malori zilikuwa bado zinavutwa kutoka seva yake mwenyewe, kiasi kwamba kila msomaji wa nakala alikuwa akitumia huduma anayoilipia yeye. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuupinga.

Hatua ya 3: Andika barua ya onyo

Mnakili akiwa anajulikana na yuko karibu, andika barua fupi kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama zetu: taja kurasa zako, taja nakala, dai ziondolewe, weka muda wa mwisho. Usitukane, wala usitishie adhabu usiyoijua. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwake, nyingine irudi na muhuri au sahihi, tarehe na jina la aliyeipokea. Karatasi hiyo ina uzito mkubwa kuliko maneno yake, kwa sababu baadaye itaonyesha kwamba mtu huyo aliendelea huku akijua.

Hatua ya 4: Iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yake

Kwa maoni yangu njia hii ndiyo inayozaa matunda haraka zaidi, na cha ajabu ndiyo inayosahaulika. Huduma ya Whois itakusaidia kujua tovuti imesajiliwa kupitia nani na seva zake ni za nani. Kampuni ikiwa ya Marekani, sheria yao ya mwaka 1998 iitwayo DMCA inakupa utaratibu wa kutoa taarifa, hata ukiwa hapa Lubumbashi, Katuba au Kamalondo. Taarifa iwe na sahihi yako, ambayo inaweza kuwa ya kielektroniki, itaje kazi yako na anwani kamili ya nakala, itoe mawasiliano yako, iseme unaamini kwa nia njema kwamba matumizi hayo hayakuruhusiwa, na ithibitishe, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba una mamlaka ya kulalamika. Anayedanganya kwa makusudi katika taarifa hiyo anaweza kudaiwa fidia.

Mnakili naye anaweza kujibu kwa taarifa ya kupinga. Akifanya hivyo, kampuni hurudisha ukurasa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa uijulishe kwamba umefungua kesi mahakamani. Kampuni ikiwa ya Ulaya, tumia utaratibu wa taarifa uliowekwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2022/2065.

Google nayo hupokea maombi ya kuondoa nakala katika matokeo ya utafutaji, ingawa ukurasa wenyewe hubaki palepale. Fahamu tu kwamba Google hutuma nakala za maombi hayo kwa hifadhi ya Lumen, ambako watu huweza kuyasoma.

Hatua ya 5: Mahakama

Huku ni kwa mnakili aliye nchini ambaye ameidharau barua na amekuletea hasara unayoweza kuionyesha kwa hesabu. Kwa sheria ya 1986, kunakili kwa hila huku mtu akijua anachofanya ni kosa la jinai, hivyo unaweza kupeleka malalamiko parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka; unaweza pia kudai fidia kwa njia ya madai. Muulize avoka wako kwanza gharama zote, zake na za mahakama, uzilinganishe na hasara yenyewe. Ukiamua kuendelea, mkabidhi faili la hatua ya 2 likiwa limepangwa kwa tarehe, pamoja na nakala ya barua yenye muhuri.